Anachotafuta wakala wa vitabu katika mswada wa mwandishi

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya vitabu jijini London na New York, kauli hiyo haina mashiko. Huko kitabu chema nacho hutembezwa, na mwenye kukitembeza huitwa wakala.

Waandishi wengi chipukizi humu nchini wamemsikia mtu huyu kwa mbali tu. Wafunguapo tovuti za kampuni kubwa za uchapishaji za ng’ambo, hukumbana na ilani kwamba mswada haupokelewi ila kupitia kwa wakala. Baadhi yao wameandikiwa barua pepe na watu wanaojiita mawakala, wakatakiwa kulipa ada ili kazi zao zisomwe, wakalipa, na habari za mswada zikaishia hapo. Baina ya mlango uliofungwa na utapeli wa aina hiyo, ipo kazi halali yenye kanuni zake, na mwandishi anayezielewa hujiepushia hasara ya miaka.

Makala haya yanaeleza anachokitafuta wakala katika riwaya, anachokitafuta katika kitabu kisicho cha kubuni, na namna mwandishi wa Kiswahili, ambaye aghalabu hana wakala kabisa, anavyoweza kuyatumia maarifa hayo.

Asili ya kazi yenyewe

Wakala wa waandishi ni mwakilishi anayeuza haki za kazi ya mwandishi kwa wachapishaji, akajadili mkataba kwa niaba yake, kisha akafuatilia malipo. Kazi hii ilipata sura yake ya kisasa London katika miaka ya 1870 kupitia kwa Mskoti mmoja, A. P. Watt, aliyekubali kulipwa asilimia 10 ya mapato ya mwandishi. Miongoni mwa aliowawakilisha walikuwamo Rudyard Kipling na Arthur Conan Doyle. Kiwango cha asilimia 10 kilidumu kwa takriban karne nzima. Siku hizi kiwango cha kawaida ni asilimia 15 katika soko la nyumbani, na asilimia 20 kwa tafsiri na masoko ya nje, ambako wakala wa pili wa nchi husika hugawana kamisheni na yule wa kwanza.

Katika mpangilio huo mna jambo moja linalofafanua mengine yote: wakala halipwi mpaka auze. Mchapishaji akitoa pauni 10,000, wakala hupata pauni 1,500. Asipotoa chochote, wakala amesoma, amehariri na amezungusha mswada kwa miezi kadhaa bila ya kupata hata senti. Kwa hivyo anapoufungua mswada, maswali mawili humwandama. Nitamuuzia nani? Nami nitamwambia nini mhariri huyo kwa sentensi mbili za kwenye simu? Kuipenda kazi ni sharti la kwanza, ila mawakala wengi hukiri kwamba wamewahi kukataa kazi walizozipenda kwa sababu hawakuwa na jibu la swali la pili.

Ni vyema pia kukumbuka idadi. Wakala mwenye jina hupokea maelfu ya maombi kwa mwaka, na waandishi wapya anaowachukua katika kipindi hicho wanaweza kuhesabika kwa vidole. Kusoma huku hufanyika jioni na mwishoni mwa juma, maana mchana ni wa kuwahudumia waandishi alio nao tayari. Yeyote anayempelekea mswada hana budi kumwaza msomaji huyo aliyechoka.

Riwaya sharti iwe imekamilika

Kwa upande wa bunilizi, sharti la awali halina mjadala. Riwaya ya mwandishi mpya sharti iwe imekamilika kabla ya kupelekwa. Sura tatu za kwanza zenye kuvutia ni nyingi duniani. Sura za mwisho zinazotimiza ahadi ya zile za kwanza ni chache. Wakala anajua hivyo, na mhariri atakayeuziwa anajua hivyo pia.

Urefu nao hutazamwa kabla ya neno la kwanza kusomwa. Riwaya ya watu wazima ya mwandishi asiyejulikana hutarajiwa kuwa kati ya maneno 80,000 na 100,000, ingawa hadithi za ulimwengu wa kufikirika huruhusiwa kwenda mbali zaidi. Mswada wa maneno 200,000 humtia wakala wasiwasi wa aina mbili: gharama ya karatasi, na shaka kwamba mwandishi hajajifunza kukata.

Mawakala wa London kwa kawaida huomba barua ya ukurasa mmoja, muhtasari wa ukurasa mmoja au mbili, na sura tatu za mwanzo ama kurasa 50 hivi. Wale wa New York huwa wabahili zaidi. Wengi wao huanza na barua na kurasa tano hadi 10. Kila ofisi huweka masharti yake wazi kwenye tovuti yake, na mwandishi asiyeyafuata huwa ameshajieleza vya kutosha.

Barua hiyo ina kazi ndogo. Inataja jina la riwaya, aina yake, idadi ya maneno, mhusika mkuu anataka nini na ni kitu gani kinachomzuia, kisha mistari michache juu ya mwandishi na sababu ya kumchagua wakala huyo badala ya mwingine. Sababu hii ya mwisho hupuuzwa mno. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi anayemwandikia wakala wa vitabu vya watoto amepoteza muda wa watu wawili. Barua iliyotumwa kwa mawakala 40 kwa pamoja, anwani zote zikionekana hapo juu, hufutwa bila ya kusomwa.

Muhtasari huwatatiza wengi kwa sababu wanauandika kana kwamba ni maneno ya kwenye jalada la nyuma. Jalada humshawishi mnunuzi kwa kumficha mwisho. Muhtasari humwambia wakala mwisho waziwazi: nani anakufa, nani anaolewa, siri ilikuwa ipi. Anayefunga muhtasari wake kwa kuuliza iwapo shujaa atafaulu amemnyima wakala kile alichokuwa akikitafuta, yaani uthibitisho kwamba msuko una mwisho unaotokana na mwanzo.

Sauti na kurasa za kwanza

Hata hivyo, barua na muhtasari haviuzi riwaya. Kinachouza ni kurasa zenyewe, na neno ambalo mawakala hulirudia kuliko jingine lolote ni sauti.

Sauti si lugha ya madoido. Ni ile hali ya msomaji kuhisi, ndani ya aya moja au mbili, kwamba yupo mtu fulani anayemsimulia, mwenye jicho lake na namna yake ya kuona mambo, na kwamba mtu huyo anajua anakompeleka. Haihitaji maneno mazito. Mara nyingi maneno mazito huifukuza.

Chukua mfano wa kubuni. Mswada wa kwanza unaanza kwa jua kuchomoza, ndege kuimba, na kijana aitwaye Juma kuamka, kunawa uso na kukumbuka maisha yake tangu utotoni. Mswada wa pili unamkuta Juma amesimama kwenye foleni ya benki, akiwa na hatimiliki ya shamba la babake ndani ya bahasha, na babake hajui kwamba karatasi hiyo imetoka sandukuni. Huenda hadithi ni ile ile. Katika mswada wa pili, hata hivyo, msomaji ana swali kichwani tangu sentensi ya kwanza: kijana huyu amepatwa na nini hata akafika hapo? Yaliyompata utotoni yanaweza kuja baadaye, msomaji atakapokuwa na haja nayo.

Mawakala wamesoma maelfu ya miswada inayoanza kwa mhusika kuamka, kwa ndoto, kwa hali ya anga au kwa mhusika kujitazama kwenye kioo ili sura yake ipate kuelezwa. Hakuna sheria inayokataza. Tatizo ni kwamba mwanzo wa aina hiyo haumpi wakala lolote la kumweleza mhariri. Wapo pia waandishi wanaotuma sura ya saba, kumi na 12 wakidai kwamba hapo ndipo hadithi inapokolea. Jibu la wakala ni rahisi: kama inakolea sura ya saba, sita za mwanzo ni za nini?

Mandhari ya mbali si kikwazo, na wala si sifa. Msomaji wa London anaweza kumfuata mhusika hadi Gikomba au Lamu bila ya kueleweshwa kila jina la chakula, mradi msimulizi mwenyewe hababaiki. Anachokichoka wakala ni mswada unaosimama kila aya ili kumfafanulia mgeni, mithili ya mtembeza watalii. Hilo ni kosa ambalo baadhi ya waandishi wetu hulifanya kwa nia njema, wakidhani ndilo linalotakiwa huko.

Kukataliwa kuna maana gani?

Historia ya vitabu imejaa miswada iliyokataliwa, na baadhi ya visa husimuliwa ili kuwafariji waandishi. Vina manufaa zaidi vikitazamwa kama ushahidi wa jinsi soko lilivyokuwa likifikiri.

Chinua Achebe alipomaliza riwaya yake ya kwanza, aliutuma mswada wake wa pekee, ulioandikwa kwa mkono, kwa kampuni ya uchapaji wa taipu jijini London. Ukakaa huko bila ya kushughulikiwa mpaka mwaka 1957, pale mkubwa wake katika shirika la utangazaji la Nigeria, aliyekuwa likizoni Uingereza, alipokwenda kuuulizia. Wakala wa London alipoupeleka kwa wachapishaji, kadhaa waliurudisha wakisema hadithi za Waafrika hazina soko. Kampuni ya Heinemann nayo ilisitasita, ikamwomba Donald MacRae, mhadhiri wa London School of Economics aliyekuwa ametoka ziarani Afrika Magharibi, autolee maoni. Ripoti yake ilikuwa fupi kupindukia: aliitaja kuwa riwaya bora aliyoisoma tangu vita vimalizike. Things Fall Apart ikatoka Juni 1958 katika nakala 2,000, na tangu hapo imefasiriwa katika zaidi ya lugha 50.

J. K. Rowling alipeleka sura za mwanzo za Harry Potter kwa wakala Christopher Little mwaka wa 1995, katika ofisi ambayo vitabu vya watoto havikuwa kazi yake ya kawaida. Msaidizi wa ofisi aliuokoa mswada huo kutoka katika rundo la kurudishwa. Wachapishaji 12 wakaukataa kabla ya Bloomsbury kuuchukua na kuutoa mwaka wa 1997, nakala za jalada gumu zikiwa 500 tu. Wakala aliyepata kukataliwa mara 12 na akaendelea kupiga simu ndiye aliyestahili asilimia zake.

Kwa mwandishi wa Afrika Mashariki, kisa chenye mafunzo zaidi ni cha Mganda Jennifer Nansubuga Makumbi. Akiishi Manchester, aliandika riwaya ndefu juu ya ukoo wa Kintu na laana inayowafuata wazawa wake tangu karne ya 18. Uingereza ilimwambia kwamba kazi hiyo ni ya Kiafrika mno. Mwaka wa 2013 mswada huo ulishinda shindano la miswada la Kwani? jijini Nairobi, na mwaka uliofuata ukachapishwa papa hapa kwa jina la Kintu. Mnamo 2017 kampuni ya Transit Books ikautoa Marekani, na 2018 Oneworld ikautoa Uingereza kwenyewe. Mwaka huo huo Makumbi alipata tuzo ya Windham-Campbell.

Mswada haukubadilika kiasi cha kueleza tofauti hiyo. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na tuzo, kitabu kilichochapishwa na wasomaji waliokisifu, yaani majibu ya lile swali la nitamwambia nini mhariri. Wakala huliona soko analolijua. Anapokataa, anatoa habari kuhusu soko hilo kama anavyolifahamu mwaka huo, na mara nyingine habari hiyo si sahihi.

Kisicho cha kubuni: mambo hugeuka

Katika vitabu visivyo vya kubuni, kama vile historia, siasa, afya, biashara na maisha ya watu, kanuni ya kwanza hupinduliwa. Hapa mwandishi hahitaji kukimaliza kitabu. Anachokiuza ni pendekezo, andiko la kurasa 20 hadi 60 hivi linaloeleza kitabu kitakachoandikwa, likiambatana na sura moja au mbili za mfano.

Pendekezo zuri hujibu kwa nini kitabu hiki, kwa nini sasa, na kwa nini mwandishi ni wewe. Mwandishi hueleza hoja yake, hupanga sura moja baada ya nyingine kwa aya fupi, hutaja wasomaji anaowalenga, na hulinganisha kitabu chake na vitabu vitatu hadi vitano vilivyotoka miaka ya karibuni. Katika ulinganishaji huu ndimo wengi hujikwaa kwa kujigamba kwamba hakuna kitabu kama chao. Wakala akisoma hayo huwaza mambo mawili: ama mwandishi hasomi, ama hakuna wasomaji wa somo hilo. Vitabu jirani ndivyo vinavyothibitisha kwamba wanunuzi wapo. Kazi ya mwandishi ni kuonyesha vilipoacha pengo.

Swali la kwa nini wewe ndilo zito. Katika riwaya, mtu asiyejulikana na asiye na shahada anaweza kuchukuliwa kwa ajili ya kurasa zake tu. Kitabu kuhusu saratani kikiandikwa na asiye daktari, wala mgonjwa, wala mwanahabari aliyeifuatilia kwa miaka, hakiuziki hata kiwe kimeandikwa vizuri. Wakala hutafuta elimu, tajriba, au mlango ambao mwandishi peke yake anaweza kuufungua. Hutafuta pia hadhira ambayo tayari inamsikiliza, iwe ni ya safu gazetini, redioni, darasani au mitandaoni.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Barack Obama. Mnamo Februari 1990, kijana huyo wa baba Mkenya alichaguliwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Harvard, na New York Times ikaandika habari zake. Wakala Jane Dystel alizisoma akamtafuta. Mswada haukuwapo. Kilichokuwapo ni kijana aliyeingia kwenye historia, mwenye kisa cha ukoo kilichoanzia Siaya kikapita Hawaii na Indonesia, na gazeti kubwa lililokwisha kuonyesha kwamba watu wangependa kukisoma. Dystel alimtafutia mkataba na Poseidon, tawi la Simon & Schuster, wenye malipo ya awali yaliyozidi dola 100,000.

Obama alichelewa. Kitabu kilichokusudiwa kuzungumzia uhusiano wa watu wa rangi tofauti kilikuwa kikigeuka kuwa hadithi ya familia yake, na tarehe ya mwisho ikapita. Mchapishaji akaufuta mkataba. Dystel akaliuza wazo lile lile kwa mara ya pili, kwa kampuni ya Times Books iliyokuwa chini ya Random House, safari hii kwa dola 40,000. Dreams from My Father ikatoka mwaka wa 1995 na kuuzwa kwa kiasi tu. Ilipochapishwa upya mwaka wa 2004, baada ya hotuba yake katika kongamano la chama cha Democratic mjini Boston, ndipo ilipouzwa kwa wingi. Mwishoni mwa mwaka huo Obama alimwacha Dystel, akaenda kwa Robert Barnett, wakili wa Washington aliyekuwa akitoza kwa saa badala ya asilimia. Kibiashara alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Ila mtu asiyejulikana hawezi kumlipa wakili wa saa, na bila ya yule wa asilimia huenda kitabu hicho kisingekuwapo.

Tawasifu ya mtu asiye na jina ni jambo jingine. Ingawa ni ya kweli, mawakala wengi huihukumu kama riwaya: huitaka iwe imekamilika, na huisoma kwa ajili ya sauti. Kuwa na maisha magumu hakutoshi, maana waliopitia maisha magumu ni wengi. Wangari Maathai alipotoa Unbowed mwaka wa 2006, miaka miwili baada ya kutunukiwa Nobeli ya Amani, swali la kwa nini sasa lilikuwa limejibiwa na dunia nzima. Wengine wetu hulazimika kulijibu kwa sentensi.

Haki zinazouzwa

Wakala akikubali, mara nyingi huanza kwa kumrudishia mwandishi mswada ili aurekebishe, pengine mara mbili au tatu. Kisha huuza haki, na neno hili liko katika wingi kwa sababu. Haki ya kuchapisha Marekani ni moja, Uingereza na nchi za Jumuiya ya Madola ni nyingine. Tafsiri, filamu na vitabu vya kusikilizwa huuzwa kila moja mbali.

Kenya kwa desturi huwekwa katika fungu la Uingereza na Jumuiya ya Madola. Matokeo yake ni kwamba riwaya ya Mkenya inaweza kuchapishwa London, ikarudi Nairobi kwa meli, na kuuzwa kwa bei ambayo jirani yake hawezi kuimudu. Wakala makini anaweza kuichomoa Afrika Mashariki kutoka katika fungu hilo ili mchapishaji wa hapa atoe toleo lake. Riwaya ya Dust ya Yvonne Adhiambo Owuor ilichapishwa na Knopf huko Marekani na pia na Kwani? hapa Nairobi. Haki za tafsiri nazo huweza kulala muda mrefu zisipofuatiliwa: Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ilitoka 1994, lakini toleo lake la Kiswahili, Peponi, lililofasiriwa na Ida Hadjivayanis, lilipatikana 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi wake kushinda Nobeli.

Mkono mtupu haulambwi?

Matapeli huitumia methali hiyo vizuri. Humwambia mwandishi kwamba kila huduma ina ada, na mtu aliyezoea kulipia kila fomu huona ni kawaida. Katika kazi hii si kawaida. Chama cha mawakala cha Uingereza, kilichoundwa 1974, na kile cha Marekani, kilichoanzishwa 1991, vyote huwakataza wanachama wao kutoza ada ya kusoma mswada. Sababu ni ile ile tuliyoitaja: anayelipwa kwa kusoma hana haja ya kuuza.

Dalili nyingine ni sifa zinazomiminwa kabla ya mswada kusomwa, barua kutoka kwa mtu ambaye hukumwandikia, na anwani ya barua pepe ya bure isiyo ya kampuni. Siku hizi matapeli huiba hata majina ya mawakala halisi. Dawa ni kutafuta tovuti ya kampuni yenyewe na kuuliza kupitia anwani iliyoko huko. Anayetaka kujichapishia kwa pesa zake ana uhuru kamili wa kufanya hivyo, mradi ajue kwamba ananunua huduma ya kupiga chapa, wala hajachaguliwa na mtu.

Mwandishi wa Kiswahili afanyeje?

Kwa mwandishi wa Kiswahili, hali ni tofauti. Mapato ya kitabu katika soko letu hayawezi kumlisha mtu wa tatu, na kwa hivyo mwandishi hupeleka mswada moja kwa moja kwa mchapishaji. Hili lina nafuu yake, kwani mlango uko wazi. Lina ubaya wake pia: kazi yote ya wakala humwangukia mwandishi mwenyewe.

Mhariri wa Nairobi huuliza maswali yale yale, akiongeza moja: je, kitafaa shuleni? Soko kubwa la vitabu vya Kiswahili nchini ni la wanafunzi, na vitabu vya shule hupitia kwenye tathmini ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Ndiyo maana lugha sanifu na maudhui yanayoweza kujadiliwa darasani hupewa uzito ambao wakala wa London hangeupa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, jambo hili limezaa riwaya nyingi zinazohubiri kuliko kusimulia, ilhali wanafunzi wenyewe huzikumbuka zile zilizosimulia. Kwa anayeandika nje ya mahitaji ya shule, ipo njia ya mashindano: Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014 na baadaye kuitwa Safal-Cornell, imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa.

Panapohitajika jicho la wakala zaidi ni kwenye mkataba. Mrabaha humu nchini aghalabu huwa kati ya asilimia 10 na 15, lakini asilimia ya nini? Tuseme kitabu kinauzwa Sh500, na mchapishaji humpunguzia mwenye duka asilimia 30, yeye akapokea Sh350. Asilimia 10 ya bei ya dukani ni Sh50 kwa nakala. Asilimia 10 ya anachopokea mchapishaji ni Sh35. Nakala 3,000 zikiuzwa, tofauti ni Sh45,000, na yote imo katika maneno mawili matatu ya kifungu kimoja.

Hali kadhalika, mwandishi aangalie kama anatoa idhini ya kuchapisha au anaikabidhi hakimiliki yenyewe. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ulinzi wa kazi ya fasihi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na kuihamisha hakimiliki kwa mwingine sharti kuwe kwa maandishi. Haki za filamu, za tafsiri na za matoleo ya kidijitali zisimezwe na kifungu cha jumla iwapo mchapishaji hana mpango wa kuzitumia. Na mkataba useme ni lini haki hizo zinarudi kwa mwandishi iwapo kitabu kimekwisha madukani na mchapishaji hakichapishi tena. Miezi sita hadi 12 baada ya kumwandikia ni muda ambao wachapishaji wengi hukubali wakiombwa kabla ya saini kutiwa.